Clare: jimbo lililogombana na kiapo kwa zaidi ya miaka 100

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Katika kusoma historia ya Ireland nimekutana na jina la Clare mara mbili. Kwanza ni mwaka 1828, Daniel O'Connell anashinda ubunge huku sheria ikimkataza Mkatoliki kukaa bungeni. Halafu ni 1917, de Valera anashinda hukohuko. Lakini kitabu kimoja kinasema jimbo la Clare lilifutwa 1885, kingine kinasema 1922, na ramani ya uchaguzi ya leo bado inaonyesha Clare. Lipi ni kweli? Na mtu anawezaje kugombea kiti asichoruhusiwa kukikalia?"

Marahaba, kijana wangu. Vitabu vyako vyote viwili vina haki, na ramani pia ina haki. Jina ni moja, ila lilivaliwa na majimbo tofauti kwa nyakati tofauti. Nitaanza na hilo kwa ufupi kwa sababu ni rahisi, halafu nikae zaidi kwenye swali lako la mwisho. Hilo ndilo lenye nyama.

Clare ni kaunti ya magharibi mwa Ireland. Upande mmoja ina Bahari ya Atlantiki, upande mwingine ina mto Shannon, na mji wake mkuu ni Ennis. Tangu zamani kaunti hiyo ilipeleka wabunge 2 kwenye Bunge la Ireland lililokuwa Dublin. Tarehe 1 Januari 1801 bunge hilo lilivunjwa kwa Sheria ya Muungano, Ireland ikapewa viti 100 katika bunge la London, na Clare ikabaki na viti vyake 2. Mji wa Ennis ulikuwa na kiti chake peke yake. Mwaka 1885 viti viligawanywa upya nchi nzima. Ennis ikapoteza kiti chake, na kaunti ikakatwa vipande 2, Clare Mashariki na Clare Magharibi, kila kipande mbunge mmoja. Hilo ndilo "kufutwa" kwa 1885. Vipande hivyo vikaishi mpaka 1922, Ireland ya kusini ilipoacha kupeleka wabunge London. Hilo ndilo "kufutwa" kwa 1922. Lile unaloliona leo kwenye ramani ni jimbo la Bunge la Ireland yenyewe, Dáil, na lilianza 1921. Kwa hiyo O'Connell alikuwa mbunge wa Clare ile nzima, na de Valera alianzia Clare Mashariki.

Sasa tuingie kwenye 1828. Ili uelewe aliyemchagua O'Connell ni nani, inabidi kwanza umjue mpiga kura wa shilingi 40.

Sheria ya wakati ule ilimpa kura mwanamume mwenye milki huru ya ardhi yenye faida ya angalau shilingi 40 kwa mwaka, yaani pauni 2. Ukisikia "milki huru" utadhani ni mtu mwenye shamba lake. Sivyo. Wengi wao walikuwa wakulima maskini waliokodi vipande vidogo kwa mikataba ya maisha. Mkataba wa aina hiyo hauna idadi ya miaka. Unadumu kwa muda wote ambao mtu fulani aliyetajwa ndani yake yu hai, na mara nyingi walitajwa watu 3 ili udumu zaidi. Kulikuwa na mikataba iliyotaja hata wana wa mfalme, kwa hesabu kwamba watu wa kasri huishi kwa raha na habari za vifo vyao hazifichiki. Kwa kuwa hakuna ajuaye mtu atakufa lini, sheria ilihesabu mkataba huo kuwa milki huru. Ndivyo mkulima wa viazi mwenye kibanda cha udongo alivyohesabiwa kuwa mwenye milki, na ndivyo alivyopata kura.

Nani alifaidika? Mwenye ardhi. Kila mkataba wa maisha aliotoa ulikuwa kura moja mfukoni mwake. Mwaka 1793 Wakatoliki wa Ireland waliruhusiwa kupiga kura, ingawa si kuchaguliwa, na tangu hapo wenye ardhi wakawa wanakata mashamba vipande vidogovidogo ili waongeze idadi ya kura zao. Tena kura haikuwa ya siri. Siku ya uchaguzi wapangaji walipelekwa mjini kwa makundi, msimamizi wa mashamba akiwa mbele. Mmoja mmoja alisimama mezani, akataja jina lake na shamba lake, kisha akamtaja mgombea kwa sauti, mbele ya macho ya msimamizi yuleyule anayepokea kodi yake na anayejua deni lake. Karani aliandika. Ukimtaja asiyetakiwa, barua ya kudaiwa kodi yote ya nyuma ingekufuata nyumbani. Haikuhitajika rushwa wala rungu.

Hiyo ndiyo Clare ambayo William Vesey-Fitzgerald alikuwa mbunge wake tangu 1818. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hili hupotea vitabuni. Alikuwa Mprotestanti aliyeunga mkono Wakatoliki wapewe haki zao, na baba yake alikuwa amepinga Sheria ya Muungano. Katikati ya 1828 Waziri Mkuu, Wellington, alimteua kuwa mkuu wa Bodi ya Biashara. Kwa utaratibu wa siku zile, mbunge aliyepewa cheo chenye mshahara serikalini alikiacha kiti na kurudi kwa wapiga kura ili wamthibitishe. Ilikuwa kama safari ya kwenda kupiga muhuri. Wengi walipita bila kupingwa.

Chama cha Wakatoliki kilichoasisiwa na O'Connell na wenzake mwaka 1823 kilikuwa kimeapa kumpinga kila mgombea wa serikali hiyo. Nguvu ya chama hicho ilitokana na mchango wa senti moja kwa mwezi, uliokusanywa parokia kwa parokia kuanzia 1824. Usiidharau senti ile. Mtu anayetoa kila mwezi anajiona mwanachama, na paroko anayekusanya mlangoni mwa kanisa anamjua kila mmoja kwa jina. Clare walitafuta kwanza Mprotestanti rafiki, Meja William Nugent Macnamara, naye akakataa. Ndipo likaja wazo la kumsimamisha O'Connell mwenyewe, wakili Mkatoliki kutoka Kerry.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako. Sheria haikusema popote kwamba Mkatoliki hawezi kugombea. Wala haikusema hawezi kuchaguliwa. Kizuizi kiliwekwa ndani, kwenye meza ya bunge. Kila mbunge, kabla ya kukaa, alitakiwa kuapa kwamba hakuna mgeni yeyote, Papa akiwemo, mwenye mamlaka ya kidini nchini. Alitakiwa pia kutangaza kwamba fundisho la mkate na divai kugeuka Mwili na Damu ya Kristo si la kweli, na kwamba Misa ya Kanisa la Roma ni ibada ya sanamu. Mkatoliki hawezi kutamka maneno hayo bila kuikana imani yake. Watunga sheria waliona hiyo inatosha: nani atahangaika kugombea kiti ambacho mlango wake umefungwa kwa ndani? O'Connell alikuwa mwanasheria, akauona mwanya. Akawaambia watu wa Clare kwamba hataapa kiapo hicho kamwe, na kwamba wao wakimchagua, bunge ndilo litakalobanwa na jambo hilo, si yeye.

Kura zilipigwa Ennis kwa siku 5, mwanzoni mwa Julai. Maelfu kwa maelfu waliingia mjini, wengi wao hawana hata kura, na kadirio linalotajwa sana ni watu 30,000. Mapadre waliwaongoza waumini wao kwa miguu kutoka vijijini, bendera za kijani mbele. Pombe ilipigwa marufuku na chama chenyewe, na watu wakaitii marufuku hiyo kwa siku zote hizo, katika nchi ambako uchaguzi ulizoeleka kuwa msimu wa kulewa kwa hesabu ya mgombea. Waliotumwa na serikali kulinda amani walikuta amani imekwisha kulindwa. Ndani ya jengo la mahakama kijana mmoja wa Ennis, anayejulikana kama The O'Gorman Mahon, alikuja amevaa utepe mpana wa kijani wenye nishani. Msimamizi wa uchaguzi akamwamuru auvue. Akakataa, akamwambia wazi kwamba atakayethubutu kuugusa atapambana naye. Utepe ukabaki. Mweke akilini kijana huyo, tutakutana naye tena.

Kilichotokea mezani ndicho kilichoitikisa London. Wapangaji wa Sir Edward O'Brien wa Dromoland, mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa kaunti, walikuja na tajiri wao, wakafika mbele ya karani, wakamtaja O'Connell. Wapangaji wa wengine wakafuata. Fikiria ujasiri wa kitendo hicho: mtu ana mke na watoto, kodi ya nyuma hajamaliza, msimamizi amesimama hatua 3 kutoka alipo, naye anafungua kinywa na kulitaja jina lililokatazwa. O'Connell alipata kura 2,057, Vesey-Fitzgerald 982.

Wellington na waziri wake Robert Peel waliisoma hesabu hiyo vizuri. Clare ikiweza, kaunti nyingine nyingi za Ireland zitaweza, na bunge litajaa wabunge waliochaguliwa kihalali wasioweza kukaa. Peel alikuwa mpinzani wa haki za Wakatoliki kwa muda wote wa siasa zake, lakini alikubali kwamba kuendelea kukataa ni kukaribisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 13 Aprili 1829 Mfalme George IV aliridhia, kwa shingo upande, sheria iliyowafungulia Wakatoliki mlango wa bunge kwa kiapo kipya.

O'Connell alipokwenda London Mei 1829 kuchukua kiti chake, alikuta sheria hiyo imeandikwa kwa namna inayowahusu watakaochaguliwa baada yake tu. Yeye alichaguliwa kabla. Alijitetea mwenyewe mbele ya bunge, wakapiga kura, 190 dhidi ya 116, kwamba lazima aape kiapo cha zamani. Akakabidhiwa kadi yenye maneno ya kiapo. Akaisoma kimya, kisha akasema kwa utulivu kwamba ndani yake kuna neno moja analojua kuwa si kweli na jingine analoamini kuwa si kweli, kwa hiyo haapi. Kiti kikatangazwa kuwa wazi. Alirudi Clare, na tarehe 30 Julai 1829 akachaguliwa tena, safari hii bila kupingwa.

Watu wengi huishia hapo wakipiga makofi. Mimi kila nikifundisha habari hii nawazuia wanafunzi wasifunge daftari. Siku ileile sheria ya Wakatoliki ilipopita, ilipita na sheria ya pili iliyopandisha kiwango cha mpiga kura wa kaunti za Ireland kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Idadi ya wapiga kura wa kaunti ikaporomoka kutoka takriban 216,000 hadi takriban 37,000. Wale wapangaji waliosimama mezani Ennis na kumtaja O'Connell mbele ya mabwana zao, wengi wao hawakupiga kura tena maisha yao yote. Mlango waliufungua wao, wakaupita wengine: mawakili, wafanyabiashara na wenye mashamba Wakatoliki. O'Connell aliipinga sheria hiyo, lakini hakuifanya kuwa sharti la kufa na kupona. Tena mwaka 1825, wakati wa majadiliano ya awali, yeye mwenyewe alikuwa amewahi kukubali wapiga kura hao watolewe sadaka. Namheshimu sana O'Connell. Hata hivyo deni hilo kwa watu wa Clare sioni kwamba lililipwa.

Na kwa kuwa kura yao haikuwa na thamani tena kwa wenye ardhi, mikataba ya maisha nayo haikuwa na sababu ya kutolewa. Ilipokuja njaa kuu ya viazi kuanzia 1845, Clare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya, kwa njaa na kwa kufukuzwa mashambani, hasa upande wa Kilrush. Mwaka 1841 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 286,000. Mwaka 1851 walibaki kama 212,000.

Tangu hapo mpaka 1885 jimbo liliendelea na mengi ambayo nitayapita haraka. O'Connell mwenyewe aliliacha 1830 akaenda Waterford. Macnamara, yule aliyekataa kugombea 1828, akachukua kiti na kukaa nacho mpaka 1852. Cornelius O'Brien, mbunge mwenzake kwa miaka mingi, ndiye aliyejenga mnara ulio juu ya majabali ya Moher, ambao watalii wanaupiga picha hadi leo. Mwaka 1852 pale Sixmilebridge askari waliokuwa wakiwasindikiza wapiga kura wa mwenye ardhi mmoja waliufyatulia risasi umati na kuua watu kadhaa. Hiyo ilikuwa gharama ya kura ya wazi. Kura ya siri ilifika 1872, miaka 20 baadaye.

Yule kijana wa utepe wa kijani naye alirudi. O'Gorman Mahon alichaguliwa Clare 1830 akavuliwa ubunge kwa tuhuma za rushwa, baadaye akawa mbunge wa Ennis, akazunguka dunia, kisha 1879, akiwa mzee wa karibu miaka 80, Clare ikamchagua tena. Mwaka uliofuata mwenzake kwenye kiti cha pili alikuwa Kapteni William O'Shea. Mahon ndiye aliyemtambulisha O'Shea kwa Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge wa Ireland. Parnell akaja kupendana na mke wa O'Shea, na kesi ya talaka ya 1890 ikakivunja chama kizima vipande viwili.

Kabla ya hapo, lakini, Parnell alifanya jambo Ennis ambalo lilivuka mipaka ya Ireland. Tarehe 19 Septemba 1880 aliuliza mkutano wa hadhara: afanywe nini mtu anayechukua shamba ambalo jirani yake amefukuzwa? Sauti zikapigwa kutoka kwenye umati kwamba apigwe risasi. Parnell akasema ipo njia bora na ya Kikristo zaidi. Mtengeni. Mkimkuta njiani msimsalimie, dukani msimhudumie, sokoni na hata kanisani mwacheni peke yake, kama mwenye ukoma wa zamani. Wiki chache tu baadaye, huko Mayo, watu walilitekeleza neno hilo kwa msimamizi wa mashamba aitwaye Kapteni Charles Boycott, na jina lake likageuka kuwa neno la lugha nyingi za Ulaya kwa kile ambacho sisi tunakiita kususia.

Baada ya kugawanywa, Clare Magharibi ilipata wabunge 2 ambao msomaji wa Afrika asiwapite. Kuanzia 1892 hadi 1895 mbunge wake alikuwa James Rochfort Maguire. Huyu ni mmoja wa wajumbe 3 wa Cecil Rhodes waliopata saini ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, kwenye mkataba wa madini wa tarehe 30 Oktoba 1888, mkataba uliomfungulia Rhodes njia ya kuichukua nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka huohuo Rhodes alikiahidi chama cha Parnell pauni 10,000. Yaani watu waliokuwa wakilia kwamba ardhi yao imechukuliwa na wageni kwa karatasi, walimpeleka bungeni mtu aliyeshiriki kuchukua ardhi ya wengine kwa karatasi. Sidhani kwamba mkulima wa Kilrush alijua lolote kuhusu Lobengula. Lakini sisi tunajua, na inafaa tuseme.

Kisha 1909 kiti hichohicho kikaenda kwa Arthur Lynch, mzaliwa wa Australia aliyepigana upande wa Makaburu dhidi ya Waingereza katika vita vya Afrika Kusini. Alipochaguliwa mbunge wa Galway 1901 na kurudi Uingereza, alikamatwa, na mwaka 1903 akahukumiwa kunyongwa kwa uhaini. Adhabu ikapunguzwa, akaachiwa, akasamehewa, akachaguliwa Clare Magharibi, akakaa mpaka 1918.

Clare Mashariki yenyewe ilikuwa ya Willie Redmond tangu 1892. Ndugu yake John ndiye aliyekiongoza chama cha wabunge wa Ireland katika kudai serikali ya ndani, yaani Ireland iendeshe mambo yake yenyewe huku ikibaki chini ya Uingereza. Vita vya 1914 vilipoanza Willie alijiunga na jeshi, ingawa umri ulikuwa umekwenda, akiamini kwamba watu wa Ireland wakipigana bega kwa bega na Waingereza, ahadi ya serikali ya ndani itatimizwa. Tarehe 7 Juni 1917 aliuawa huko Messines, Ubelgiji, akiwa na miaka 56. Waliombeba kutoka uwanja wa vita walikuwa askari wa divisheni ya Ulster, yaani kaskazini mwa Ireland, Waprotestanti waliopinga kila alichokipigania bungeni.

Kiti kikawa wazi wakati mbaya kwa chama chake. Viongozi wa maasi ya Pasaka ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza walikuwa wamepigwa risasi, na wafungwa waliosalia waliachiwa katikati ya mwezi uleule wa Juni 1917. Mmoja wao alikuwa Éamon de Valera, mwalimu wa hesabu aliyeponea adhabu ya kifo. Alikwenda Clare akagombea dhidi ya Patrick Lynch, wakili na mwenyeji wa huko. Kura zilipigwa 10 Julai: de Valera 5,010, Lynch 2,035. Waliopiga kura ni wanaume wa daftari lile la zamani la wapiga kura, kabla ya sheria ya 1918 kuwaongeza wanaume wote na wanawake wengi waliofika miaka 30. Kwa hiyo usikubali mtu akikwambia vijana ndio waliombeba. Wenye nyumba, wakulima wa makamo, ndio walioacha chama walichokipigia kura tangu ujana wao. Mwaka 1918 de Valera alipita Clare Mashariki bila kupingwa akiwa gerezani Lincoln, na Clare Magharibi ikapita vivyo hivyo kwa Brian O'Higgins.

Sasa linganisha. O'Connell alitaka kuingia bungeni London, kiapo kikamzuia. De Valera alichaguliwa kwenye ardhi ileile kwa ahadi kwamba hataingia kabisa. Yeye na wenzake wa Sinn Féin, chama kilichodai uhuru kamili, walioshinda viti 73 kati ya 105 mwaka 1918, waliunda bunge lao Dublin, Januari 1919. Mwaka 1921 Clare iliunganishwa tena kuwa jimbo moja la viti 4, na wote 4, de Valera akiwemo, walipita bila kupingwa. Vile vipande vya London vilikufa rasmi 1922.

Lakini kiapo hakikufa. Mkataba wa Desemba 1921 uliounda dola mpya ya Ireland uliwataka wabunge wa Dáil waape kuwa waaminifu kwa mfalme wa Uingereza. Juu ya mkataba huo, na kiapo hicho kikiwa moyoni mwa ugomvi, watu waliokuwa chama kimoja waliuana kwa karibu mwaka mzima. De Valera alishindwa vita. Agosti 1923 aligombea Clare akiwa mafichoni, akajitokeza kuhutubia Ennis, akakamatwa na wanajeshi jukwaani. Clare ikampa kura zaidi ya 17,000. Aliendelea kuchaguliwa na kuendelea kutoingia, mpaka siku moja ya Agosti 1927. Siku hiyo alikwenda kwa karani wa Dáil, akaiondoa Biblia iliyokuwa juu ya kitabu cha sahihi na kuiweka mbali, akasema kwamba haapi kiapo chochote, anaandika jina lake tu ili apate ruhusa ya kuingia. Akasaini. Miaka 98 kabla ya hapo mbunge wa Clare alipewa kadi akairudisha. Huyu alipewa kitabu akaandika. Wapo wanaosema alijidanganya, na wapo wanaosema ndiyo njia pekee iliyokuwa imebaki. Mimi naona kwamba kama angetia sahihi ileile 1922, makaburi mengi yasingechimbwa. Ni vigumu kusema hivyo kuhusu mtu aliyependwa kiasi kile na jimbo lake, lakini ndivyo ninavyoamini.

Alipochukua serikali 1932, mswada wa kwanza aliouhangaikia ni wa kukiondoa kiapo hicho, na ukawa sheria 1933. Akabaki mbunge wa Clare mpaka 1959 alipochaguliwa kuwa rais. Na Patrick Lynch, yule wakili aliyeshindwa naye 1917? Alikuja kujiunga na chama cha de Valera, na kuanzia 1936 hadi 1940 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali yake.